Friji Inavuja Maji: Lilipo Dimbwi Ndipo pa Kuanzia

Friji nzima, isiyo na kasoro yoyote, hutengeneza maji kila siku. Mlango ukifunguliwa, hewa yenye unyevu huingia ndani, unyevu huo hugusa koili baridi (mirija inayopoza friji) na kuganda. Baadaye barafu hiyo huyeyushwa, na maji yake hushuka kwenye kamfereji, huingia kwenye tundu dogo, hupita kwenye mrija na kudondokea kwenye trei iliyo juu ya kompresa (ile mashine ya nyuma inayonguruma) au karibu nayo. Joto la kompresa huyakausha, ndiyo maana huyaoni.

Kwa hiyo ukikuta maji sakafuni, usihangaike sana kuuliza yametoka wapi. Uliza yamepotea njia wapi. Mara nyingi jibu ni uchafu kidogo tunduni au mlango usiofunga vizuri, mambo ambayo hayahitaji kipuri wala fundi. Lakini yapo machache ambayo ukiyachokonoa mwenyewe unaweza kuua friji, au kujiumiza.

Kwanza kabisa

Kama dimbwi limefika karibu na soketi, plagi au waya wa kuunganishia umeme, usilikanyage. Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha ndipo uchomoe plagi na kukausha sakafu. Hili halina mjadala hata kama maji ni kidogo.

Ukishakausha, tandika karatasi kavu chini ya pande zote nne za friji, rudisha umeme, uache ifanye kazi saa kadhaa. Karatasi itakayoanza kulowa itakuonyesha upande. Angalia pia ni kimiminika gani. Maji safi ni habari ya kawaida. Maji yenye rangi au harufu huenda ni kitu kilichomwagika rafuni, basi anza kwa kukagua vyombo kabla ya kuituhumu friji. Kikiwa ni chenye utelezi wa mafuta na kinatoka upande wa kompresa, chomoa plagi na uite fundi.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza ni kujua aina ya friji yako, kwa sababu tundu la maji halikai mahali pamoja. Fungua friza. Kama ukutani mna matundu ya hewa na unasikia feni, hiyo ni friji inayojiyeyushia barafu yenyewe; koili yake imefichwa nyuma ya ule ukuta wa plastiki. Kama kuta za friza huota barafu nene ambayo wewe ndiye unayeiyeyusha, hiyo ni ile ya aina rahisi, na ukuta wa nyuma wa sehemu ya friji huwa na matone muda mwingi. Matone hayo si ugonjwa.

Dalili: maji yamejaa chini ya droo za mboga, au sakafu ya friza imeganda bamba la barafu

Hili ndilo tatizo linaloripotiwa kuliko mengine yote, kwa hiyo tulikalie kidogo. Maana yake ni kwamba njia ya maji imeziba. Kwenye friji yenye friza juu, maji huanza kudondoka kutoka kwenye dari ya sehemu ya chini. Yenye friza chini hujenga bamba la barafu chini ya vikapu, halafu maji hutokea mbele, mlangoni.

Anza na kitu rahisi kuliko vyote: je, kuna chombo au mfuko ulioegemea ukuta wa nyuma? Kwenye friji za aina rahisi, tone linaloteremka ukutani likikutana na chombo huacha njia yake, hufuata chombo na kuishia rafuni. Acha nafasi ya vidole viwili hivi kati ya vyakula na ukuta, pangusa maji, usubiri siku moja. Wako watu waliokwisha kubomoa nusu ya friji kwa ajili ya sufuria moja iliyosogezwa mno nyuma.

Kama si hilo, tazama tundu. Kwenye friji rahisi liko chini ya ukuta wa nyuma, katikati ya kamfereji, juu kidogo ya droo za mboga. Vipande vya majani ya mboga, makombo na ute ndivyo huliziba. Friji nyingi huja na kijiti kidogo cha plastiki kilichochomekwa humo humo tunduni. Wengi hudhani ni mapambo au ni kipande kilichovunjika, kumbe ndicho cha kuzibulia. Chomoa plagi, kichezeshe kijiti juu na chini mara kadhaa, ukitoe na kukiosha.

Bado limeziba? Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, uyasukume tunduni polepole. Rudia. Unaweza kupitisha mrija mwembamba wa plastiki unaopinda, lakini usitumie waya mgumu wala msumari: mrija wa ndani ni laini, na ukiutoboa, maji yatakuwa yanavujia kwenye sponji ya kuta, mahali usipoweza kupafikia tena.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulisahau. Mimina maji kidogo tunduni, robo kikombe inatosha, halafu nenda nyuma ukasikilize na kuangalia kwa tochi. Maji yakidondoka kwenye trei, umemaliza. Yakigoma, au yakitokea mahali pengine, mrija umechomoka, umepasuka au umeziba upande wa chini. Upande huo wa chini baadhi ya friji huwa na kipande cha mpira chenye mdomo uliobana, kilichowekwa ili hewa ya joto isipande. Hukusanya ute mpaka kikashindwa kufunguka. Ukikifikia bila kulazimisha, kivute, kikamue kwa maji ya moto yenye sabuni, ukirudishe.

Kwenye friji inayojiyeyushia yenyewe, tundu limejificha nyuma ya ukuta wa friza, na kwa kawaida limezibwa na barafu, wakati mwingine juu ya uchafu. Dawa yake ni uvumilivu. Toa vyakula vyote uvihifadhi penye baridi, chomoa plagi, acha milango wazi kwa saa 24, tandika taulo ndani na nje. Ukitaka kuharakisha, weka ndani bakuli la maji ya moto na uyabadilishe yakipoa. Kutoiona barafu ukutani hakumaanishi kwamba tundu limeyeyuka. Huwa la mwisho, kwa hiyo usikatishe saa zile. Baadaye, kama mfereji unafikika bila kufungua chochote, sukuma maji ya uvuguvugu kama tulivyoeleza.

Onyo: usikwangue barafu kwa kisu, bisibisi wala kitu chochote chenye ncha. Koili nyingi ni za alumini nyembamba, na zikitobolewa gesi yote ya kupozea inatoka. Friji nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo inawaka moto; aina ya gesi imeandikwa kwenye kibandiko kilichobandikwa ndani ya friji au karibu na kompresa. Ukikwangua ukasikia mlio wa hewa inayotoka, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote iliyo karibu, weka moto mbali, toka nje, umwite fundi. Mashine ya kukaushia nywele nayo naishauri ikae mbali: unaishika umesimama kwenye maji, na plastiki ya ndani hupinda kwa joto lake.

Ikiwa umeyeyusha kila kitu, friji ikafanya kazi vizuri siku chache kisha barafu ikarudi palepale, tatizo si uchafu tena. Nenda kwenye dalili ya friji isiyopoza, huko chini.

Dalili: matone kwenye rafu na dari ya ndani, au friza inaota theluji

Hapa njia ya maji inaweza kuwa nzima kabisa, ila maji yamezidi. Hewa yenye unyevu inaingia mfululizo.

Sababu ya kwanza ni mlango usiofunga, na chanzo chake mara nyingi ni droo isiyosukumwa hadi mwisho, chupa iliyotokeza au rafu ya mlango iliyojaa kupita kiasi. Ya pili ni mpira wa mlango wenye uchafu: sukari na mafuta hukauka kwenye mikunjo yake, na mpira haushiki tena. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hasa upande wa chini ambao hakuna anayeutazama, kisha uukaushe.

Ndipo ufanye jaribio la karatasi. Bana karatasi kati ya mpira na fremu, funga mlango, ivute. Ikigoma kidogo, hapo panashika. Ikitoka bila upinzani, pana mwanya. Zunguka mlango mzima, pembe zote. Njia nyingine ni kuweka tochi inayowaka ndani usiku, kuzima taa za chumba, na kutazama mwanga unapopenya.

Penye mwanya, lainisha mpira kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, uuvute kwa vidole urudi kwenye umbo lake, ufunge mlango na kuuacha umefungwa saa kadhaa. Mara nyingi inatosha. Mpira uliokakamaa, uliochanika au uliooza kwa kuvu hautengenezeki. Nunua unaolingana na modeli iliyoandikwa kwenye kibandiko, si ule unaoelekea kufanana. Mimi nisingenunua mpira mpya kabla ya kuosha wa zamani na kupima usawa wa friji.

Usawa wa friji unapimwa hivi: ufungue mlango kiasi cha nusu na uuachie. Unapaswa kujifunga polepole wenyewe. Ukibaki pale pale au ukizidi kufunguka, zungusha miguu ya mbele ili upande wa mbele uwe juu kidogo kuliko nyuma. Mteremko huo mdogo husaidia pia maji ya ndani kuelekea kwenye tundu. Ukiwa na pimamaji, hakikisha kushoto na kulia ni sawa. Mlango unaoning'inia kwa sababu bawaba imelegea utausikia ukiunyanyua kidogo: unacheza.

Vilevile chakula cha moto na sufuria zisizofunikwa hutoa mvuke mwingi. Acha kipoe, lakini kisikae nje zaidi ya saa 2, kisha kifunike.

Dalili: dimbwi nyuma au chini ya friji, ndani pakavu

Tazama trei. Vuta friji mbele bila kuilaza, chomoa plagi, subiri kompresa ipoe, kwa sababu huwa ya moto kiasi cha kuunguza. Trei inaweza kuwa imepasuka, imekaa upande, au mrija haudondokei tena ndani yake. Friji iliyoanza kuvuja mara tu baada ya kuhamishwa, mtuhumiwa wa kwanza ni huyu. Trei ya kuchomoa ioshe kwa sabuni, ijaze maji na kuiweka juu ya karatasi kavu, ufa utajionyesha. Nyingine zimefungwa juu ya kompresa, hizo zifute mahali pake bila kuzilazimisha.

Trei nzima lakini inafurika? Kuna maji mengi kuliko yanayoweza kukauka, nawe unarudi kwenye habari ya mlango hapo juu. Isipokuwa kama umeme ulikatika kwa muda mrefu au umetoka kuyeyusha friza. Hapo barafu ya muda mrefu imeshuka kwa mkupuo, na dimbwi la mara moja namna hiyo si hitilafu. Futa, uendelee na shughuli zako.

Dalili: nje ya friji panatoka jasho

Wakati wa unyevu mwingi hewani, matone kwenye fremu na karibu na mlango ni kawaida. Baadhi ya friji zina kitufe cha kupunguza matumizi ya umeme ambacho huzima joto la fremu. Kikigeuzwa, jasho huisha. Fremu yenye vuguvugu si ubovu, imekusudiwa iwe hivyo. Kinachotia shaka ni doa moja tu la ubavuni lililo baridi na lenye majimaji daima. Hapo sponji ya ndani ya ukuta imelowa au imeharibika, na ukarabati wake ni nadra kuwa na maana.

Dalili: maji mbele, na friji ina bomba la maji ya kunywa au inatengeneza barafu yenyewe

Kuna maji ya aina mbili humu, na unahitaji kuyatenganisha. Funga vali inayoleta maji kwenye friji, kausha kila kitu, usubiri siku moja. Uvujaji ukikoma, tatizo liko kwenye mifereji ya maji safi. Ukiendelea, rudi kwenye tundu na trei.

Ukiwa kwenye mifereji, anza na chujio. Chujio lisilozungushwa hadi mwisho, lisilo la modeli hiyo, au lenye kiduara cha mpira kilichojikunja, huvuja. Litoe, litazame, lirudishe. Matone machache bombani baada ya kubadilisha chujio ni hewa iliyonasa. Toa lita chache za maji na yatakoma. Kisha fuata mrija kwa mkono mkavu kutoka ukutani hadi kwenye friji, hasa kwenye viungio. Kiungio kinachotoa tone kikaze kidogo tu, maana cha plastiki hupasuka upesi. Mrija wenye ufa haufungwi kwa utepe, hubadilishwa.

Kama vipande vya barafu vinashikana kuwa donge moja au trei ya barafu inamwaga, huenda vali ya kuingizia maji haifungi sawasawa. Kipuri hicho kinaungwa na maji na umeme kwa pamoja, kwa hiyo mwachie fundi.

Dalili: inavuja na haipozi kama zamani

Hapa uvujaji ni ishara tu. Friza ikiwa baridi huku sehemu ya friji ina joto, kuna uwezekano mkubwa kwamba koili imezungukwa na barafu na hewa haipiti. Iyeyushe kwa saa 24 kama tulivyosema. Ikipoza vizuri kisha ikarudia baada ya siku au wiki chache, mfumo wa kuyeyusha barafu umeharibika: hita, themostati yake, sensa, au taima na saketi inayoiamuru. Kubaini ni kipi kunahitaji kipimo cha umeme na mtu anayejua kukisoma.

Kila kitu kikiwa na joto, kwanza angalia kama plagi ina umeme na kama kirekebishi cha baridi hakijaguswa. Kompresa isiyonguruma kabisa, au inayojaribu kuwaka ikatoa mlio wa “tik” na kuzima kila baada ya dakika chache, ni ya fundi.

Vyakula navyo havisubiri matengenezo. Sehemu ya friji inapaswa kuwa na nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyama, samaki, maziwa na vyakula vilivyopikwa vikikaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2, vitupe hata kama havinuki. Friza iliyojaa, ikiachwa bila kufunguliwa, hushika baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24.

Kuna maneno utakayoyasikia: “inavuja maji kwa sababu gesi imeisha.” Gesi ya friji haidondoki kama maji. Ikitoka hupotea hewani, na matokeo yake ni friji kutopoza. Friji inayopoza vizuri na inavuja maji tu haihitaji kujazwa gesi. Na ikiwa kweli gesi imepungua, basi kuna tundu, kwa sababu haitumiki ikaisha; mwambie fundi akuonyeshe lilipo na jinsi alivyoliziba kabla ya kujaza.

Hapa acha, umwite fundi

Acha ukisikia mlio wa gesi au ukiona mafuta. Ukinusa harufu ya plastiki inayoungua. Ukipigwa shoti hata ndogo unapogusa mwili wa friji. Swichi kuu ikijizima kila unapoiwasha friji. Au kazi ikidai kufungua kifuniko chenye nyaya na saketi. Kwenye friji zenye saketi ya inveta (inayobadilisha kasi ya kompresa), kapasita, yaani kifaa kinachotunza umeme, hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Kujaza gesi na kuchomelea mirija si kazi ya nyumbani kwa hali yoyote.

Utakapompigia, mpe modeli iliyo kwenye kibandiko, mahali dimbwi linapoanzia, kama friza na friji vyote vinapoza, kama umeshayeyusha barafu na ilikaa muda gani kabla ya kurudi, na kama maji uliyoyamimina tunduni yalifika kwenye trei. Akiwa na majibu hayo anaweza kuja na kipuri mkononi.